Tofali Lisilopita Motoni

Mimi ni mtu wa tanuri, sikufichi.
Miaka kumi na tisa hapa Makere
nimepanga matofali, nimeyakandika tope, nimewasha,
nimelala nje siku nne nikilinda moto
kama anayeuguza mgonjwa.
Matofali elfu kumi yakiiva,
msitu umeshasogea nyuma hatua kadhaa.
Nilizihesabu hatua? Sikuzihesabu.
Nilihesabu matofali.

Akaja Asende binti Wilondja kutoka kambini,
kibali chake cha siku moja
kimekunjwa kwenye pindo la kitenge.
Akachukua tofali langu jekundu,
akaligonga kwa kucha, likalia ngii.
Nikajisifu: hilo, mama, hata risasi...
Nikajiuma ulimi.

"Fundi," akasema, "nyumba yangu ya Fizi
ilichomwa usiku, na milango yake, na mbuzi.
Kuta zilikuwa za udongo mtupu.
Asubuhi nikazikuta nyekundu, hivi hivi,
zimeiva vizuri, ukizigonga zinalia.
Silali tena ndani ya kitu kilichoungua."

Alikuja na chupa ya soda,
udongo na maji ndani, ameitikisa jana, leo imetulia:
mchanga chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu.
Akanipimia kwa kidole.
"Mfinyanzi ukizidi, linapasuka.
Mchanga ukizidi, linamomonyoka.
Nimeolewa mara mbili, najua."

Tukachimba kichuguu nyuma ya zahanati.
Ndoo kumi na sita za udongo, moja ya saruji.
Mashine ya mkono, mpini mrefu kama wa pampu ya kisima;
anauning'inia kwa uzito wake wote, ndala zikidondoka,
tofali linatoka limenyooka, la baridi,
rangi ya uji wa ulezi.
Nikayalaza kivulini, nikayafunika nyasi,
nikayamwagia maji asubuhi na jioni, wiki mbili,
mimi, mtu wa tanuri,
namwagilia matofali kama miche ya kahawa!
Sokoni wakacheka: Ntahondi kaishiwa kuni.

La kwanza nililiangusha toka begani, makusudi.
Nilitamani livunjike. Nasema kweli, nilitamani.
Likatua, likazika kona ardhini,
likanyamaza.

Chumba chake ni kimoja tu.
Ubavu mwembamba umelipa mgongo jua la saa kumi,
madirisha kaskazini na kusini yanapokezana upepo,
dari ya matete chini ya bati.
Saa nane mchana mabati ya jirani yanalia ta, ta,
humu mjukuu kalala, shingo kavu.
Usiku wa Juni baridi ikishuka toka milimani
ukuta unarudisha joto
kidogo kidogo, kama mdaiwa mwaminifu.

"Hiki si changu," akasema, akikipapasa kiunzi cha mlango.
"Hili ni daftari. Naandika nisisahau
siku tukivuka ziwa.
Mwanangu ameleta habari: kuta zingine zimesimama, paa hakuna,
na watu wameanza kukata miti ya mlimani wachome matofali."
Akafuta mikono kwenye kitenge.
"Waliopigana ni watu, fundi.
Miti ilikosa nini hata ilipe?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba maji ya kunywa.

Tanuri langu sijalibomoa.
Nina deni la ada ya shule, na mabati ya kaka yangu.
Mteja wa Kasulu mjini kapiga simu,
anataka elfu sita, mekundu, yaliyoiva.
Nikamwambia nitamjibu kesho.
Kesho hiyo ilikuwa juzi.
Mdomoni mwa tanuri kuku wa jirani anaatamia,
mayai tisa, nimechungulia.
Nikiwasha,
nitamhamishia wapi?